Uzi: Muongo upi ulikuwa bora zaidi kwa X-Men? Mimi nashika miaka ya themanini, na Storm ndiye kipimo changu

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Waungwana, ubishi huu huzuka kila X-Men, mashujaa wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel, wanapotajwa, na kila mara huishia njiani kwa sababu kila mmoja wetu huuteua muongo wa utoto wake kisha akatafuta hoja za kuutetea. Nimeona ni afadhali tuufungulie uzi wake. Ombi langu ni kwamba anayetaja muongo ataje pia hadithi zake, waandishi wake na wachoraji wake, na atueleze ameupima kwa kipimo gani. "Zamani kulikuwa kutamu" si hoja.

Kipimo changu ni hiki. Mfululizo huu umepita miaka 60. Toleo la kwanza la Stan Lee na Jack Kirby lina tarehe ya Septemba 1963, miezi mitatu kabla ya Kenya kupata uhuru. Katika muda huo wahusika wamekufa wakafufuka, wameoana wakaachana, wamepokonywa nguvu zao wakarudishiwa, hata msomaji mzoefu hashtuki tena anapoona jeneza. Kwa hiyo matukio makubwa siyahesabu. Ninalouliza ni kama tukio linamwachia mhusika alama ambayo mwandishi bado anaikumbuka miaka miwili mitatu baadaye. Na kwa kuwa wengi wetu hapa tu Wakenya, nimemchagua mhusika mmoja anisaidie kupima, naye ni Ororo Munroe, anayejulikana kama Storm, ambaye mamake ni Mkenya.

Miaka ya sitini naipita haraka. Wazo lilikuwa zuri, la vijana waitwao mutanti, waliozaliwa na jeni inayowapa uwezo wa ajabu huku jamii ikiwaogopa, lakini hadithi nyingi zilikuwa za kawaida mno, na hata Roy Thomas na Neal Adams walipouinua mfululizo mwaka 1969 kwa michoro ambayo hadi leo inapendeza, walikuwa wamechelewa. Mwaka 1970 hadithi mpya zilikoma. Kuanzia toleo la 67 hadi la 93, Marvel ilichapisha upya hadithi za zamani, maana yake nusu ya kwanza ya muongo wa sabini mfululizo huu ulikuwa hai kwa jina tu.

Uhai ulirudi mwaka 1975 katika toleo maalumu, Giant-Size X-Men, la mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anazunguka dunia akikusanya kikosi kipya: Nightcrawler wa Ujerumani, Colossus wa Umoja wa Kisovieti, Thunderbird wa kabila la Apache, Wolverine wa Kanada aliyekuwa ametokea mwaka mmoja kabla katika katuni za Hulk, na hapa Kenya msichana mwenye nywele nyeupe ambaye watu wanamwomba mvua na kumwabudu. Xavier anamwambia kuwa yeye si mungu bali mutanti. Mwaka huohuo, katika toleo la 94, Chris Claremont akashika kalamu, na hakuiachia hadi 1991. Tafadhali likumbukeni hilo, kwa sababu karibu kila ninachodai hapa chini kinatokana na ukweli kwamba mtu mmoja aliwaandika watu walewale kwa miaka 16.

Mfano wa kwanza ni toleo la 102 la mwaka 1976. Humo tunaelezwa kwamba Ororo alizaliwa Harlem, babake akiwa mpiga picha wa habari, kisha familia ikahamia Cairo. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, ndege iliangukia nyumba yao, wazazi wakafa, naye akabaki amefukiwa na kifusi pamoja na maiti ya mamake. Tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali palipobana. Mwandishi mwingine angelitumia jambo hilo mara moja kisha akalisahau. Claremont alilirudia mwaka baada ya mwaka, katika mapango, mahandaki na seli, na kila mara mwanamke huyu anayeamuru radi anageuka mtoto wa chini ya kifusi.

Sasa muongo wenyewe. Mwaka 1980, katika toleo la 137, Jean Grey, mwanakikosi ambaye ameshapata nguvu za kutisha na jina la Phoenix, anakufa kwa hiari yake mwezini. Claremont na mchoraji John Byrne walikuwa wamepanga apokonywe nguvu tu na arudi nyumbani, lakini mhariri mkuu Jim Shooter akashikilia kwamba mhusika aliyeangamiza jua na kuua mabilioni ya viumbe hawezi kuachiliwa hivihivi. Mnaweza kumlaumu Shooter kwa mengi, ila hapa alikuwa na haki, na amri yake ndiyo iliyoipa miaka ya themanini uzito wake. Cyclops, kiongozi wa kikosi na mpenzi wa Jean, anaondoka kwa majonzi, Storm anashika uongozi, na kuanzia hapo tunamwona kiongozi asiye na hakika na nafsi yake akijifunza kazi huku akiwa kazini.

Mwaka 1983 anapigana kwa kisu na Callisto, kiongozi wa mutanti wanaoishi katika mahandaki ya New York, na mtu aliyekuwa ameapa kutoua anamchoma mwenzake moyoni. Callisto anaokolewa na mganga, lakini Storm aliyerudi juu si yule aliyeshuka. Miezi michache baadaye, akiwa Japani, ananyoa kiduku na kuvaa ngozi nyeusi, na Kitty Pryde, msichana aliyemchukua kama mama, anapomwona anaumia kana kwamba amefiwa. Watu wengi wanakumbuka kiduku wakasahau kisu, ilhali kiduku hakina maana bila kisu.

Kisha mwaka 1984 likaja toleo la 185, ambapo silaha iliyokusudiwa Rogue, mwenzake kikosini, inampata Storm na kumwondolea nguvu zote. Nakala yangu niliinunua kwa muuzaji wa inama, wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini barabarani, hapa mjini. Kwenye jalada bei iliyochapishwa ni senti 60 za Marekani, na kando yake muuzaji aliandika bei yake kwa kalamu ya wino mzito uliopenya hadi ukurasa wa ndani. Pini za mgongoni zimeshika kutu, na karatasi imekuwa ya manjano pembeni ingawa katikati bado nyeupe. Nililipata la 186 muda mrefu baadaye, na kungoja huko kulinifaa, kwa maana lile la 186, lililochorwa na Barry Windsor-Smith kwa mistari myembamba inayofanana na ya michoro ya vitabu vya kale, karibu lote ni watu wawili ndani ya nyumba. Storm hataki kutoka kitandani. Forge, mwenyeji wake, anampikia, wanakula, wanazungumza, wanaanza kupendana, halafu mwanamke anagundua kwamba huyuhuyu ndiye aliyeibuni ile silaha. Hakuna jiji linalobomolewa, na bado sijasoma toleo la katuni lenye kishindo kulizidi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hawakumrudishia nguvu mwezi uliofuata. Alikaa hivyo hadi 1988. Katikati ya kipindi hicho, katika toleo la 201 la mwaka 1986, anashindana na Cyclops kuwania uongozi, yeye akiwa mikono mitupu na mwenzake akiwa na macho yanayotoboa milima, naye anashinda kwa akili. Nitajieni muongo mwingine ambao mfululizo huu ulikuwa na ujasiri wa kumwacha mhusika wake mkubwa bila nguvu kwa zaidi ya miaka mitatu na bado akawa ndiye anayetoa amri.

Nimemaliza ya kwangu. Uwanja ni wenu.

Mpenzi wa Dunga, Kisumu

Ndugu mwanzilishi, umeandika vizuri, lakini umeshona nguo kwanza ndipo ukamtafuta mwenye kimo chake. Ukipima muongo kwa alama zinazobaki juu ya Storm, bila shaka utafika kwa Claremont, kwa kuwa Storm alikuwa kipenzi chake. Mimi napima kwa jambo jingine: ni lini X-Men waliacha kuwa siri ya wanaokusanya katuni wakawa mali ya watu wote? Jibu ni miaka ya tisini.

Oktoba 1991 ilitoka X-Men mpya, toleo la kwanza, la Claremont huyohuyo na mchoraji Jim Lee, na ikauza zaidi ya nakala milioni 8, rekodi ambayo haijavunjwa na kitabu kimoja cha katuni cha Marekani. Mwaka uliofuata kikaanza kipindi cha katuni cha televisheni kilichoendelea hadi 1997. Sisi tuliokulia mbali na maduka ya katuni tulipataje kumjua Gambit, Rogue, Beast na Magneto? Wengi tuliwajua kupitia kanda za video na televisheni ya jirani, na sura tulizoziona ni za mavazi aliyoyabuni Jim Lee. Hata leo mtu akikuchorea Cyclops kwenye ukuta wa kinyozi, humchora mwenye mikanda ya kifuani na kofia inayoacha nywele wazi. Hiyo ni tisini.

Hadithi nazo zilikuwepo. Mwaka 1993 Magneto, adui mkubwa wa X-Men, anamng'oa Wolverine chuma kilichoshikana na mifupa yake, na kwa miaka kadhaa Wolverine anatembea na makucha ya mfupa mtupu. Hiyo si alama? Mwaka 1995 Marvel ilisimamisha vitabu vyote vya X-Men kwa miezi minne na kuchapisha mahali pake ulimwengu mwingine ambao Xavier aliuawa kabla ya kuunda kikosi chake, mutanti dhalimu aitwaye Apocalypse anatawala Marekani na Magneto ndiye kiongozi wa wapinzani. Kampuni kukifuta kwa muda kitu kinachouzwa kuliko vyote ilivyo navyo, huo nao ni ujasiri.

Na kwa kipimo chako mwenyewe, ndugu yangu, themanini inaanguka. Umesema kifo cha Jean ndicho kilichoupa muongo uzito wake. Mwaka 1986, ndani ya muongo huohuo, Jean akarudishwa ili kianzishwe kitabu kipya, X-Factor, ikaelezwa kwamba aliyekufa mwezini hakuwa yeye. Cyclops akamwacha mkewe na mtoto mchanga ili akamfuate. Hiyo alama iliyobaki iko wapi?

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Hilo la Jean nilijua litakuja, na ni hoja nzito. Kumrudisha kulikuwa uamuzi wa kibiashara, Claremont hakuutaka, na kwa Cyclops ulikuwa aibu. Hata hivyo angalia kilichofuata. Mke aliyeachwa, Madelyne Pryor, angeweza kusahauliwa kimyakimya, jambo ambalo wahariri wengi wangefurahia. Badala yake uchungu wake ukaendelea kukua katika kurasa za X-Men, akakimbilia Australia pamoja na kikosi, akaonyeshwa kwenye skrini kwamba mumewe amempata mwingine, na mwaka 1989, katika hadithi ya Inferno, hasira hiyo ikaiwasha New York nzima. Kosa la wakubwa liligeuzwa kuwa jeraha la mhusika. Haikuwa hadithi safi, na yule mtoto wake mchanga anayekaribia kutolewa kafara bado ananikera, lakini huwezi kusema haikuacha alama.

Kuhusu nakala milioni 8, tusisahau zilivyouzwa. Kitabu kilekile kilitolewa kwa majalada matano tofauti, na watu wakanunua yote matano, wengine wakayafungia katika mifuko ya plastiki wakitumaini kwamba yatawasomeshea watoto. Hadi leo thamani yake ni ndogo kwa sababu kila mtu anayo. Claremont aliondoka baada ya toleo la tatu. Jim Lee naye akaondoka mwaka 1992 kwenda kuanzisha kampuni ya katuni ya Image pamoja na wenzake. Mwanzo wa tisini unaousifu uliandikwa na kuchorwa na watu waliokuwa mlangoni, na mwisho wa mwaka 1996 Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mikanda ya Cyclops nakuachia. Ni mizuri.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega

Nimesoma kwa makini, na ningependa tukitazame upya hicho kipimo cha Storm, kwa sababu mwanzilishi amekitumia upande mmoja.

Katika ile hadithi ya 1975, Kenya ni nyika, vibanda na watu waliopiga magoti. Mwaka 1975 hapa Kakamega kulikuwa na shule, mahakama na stendi ya basi. Nakuru kulikuwa na reli na viwanda. Mwandishi hakuhitaji kuyajua hayo yote, lakini alihitaji angalau kushuku kwamba yapo. Jambo la kuchekesha ni kwamba hesabu ya hadithi yenyewe inamsuta. Ikiwa Ororo alikuwa mtoto mdogo vita vya Suez vilipotokea mwaka 1956, akakulia Cairo kama mwizi wa mfukoni, kisha alipokaribia ujana akashika njia ya kusini kwa miguu, basi aliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati bendera ya Uingereza inashushwa au karibu kushushwa. Msichana mwenye baba Mmarekani, anayejua Kiarabu na mitaa ya Cairo, anafika katika nchi inayopata uhuru, na asikutane na mwalimu, diwani, wala polisi mmoja? Hapo palikuwa na riwaya nzima, na Claremont, licha ya miaka yake 16, hakuiona.

Toleo la 198 la mwaka 1985, ambalo naamini mwanzilishi ameliacha kwa makusudi, linamrudisha Storm Afrika bila nguvu zake. Anamsaidia mwanamke kujifungua, na mzee wa kijiji anakubali kufa ili kumpisha mtoto mchanga. Windsor-Smith ameichora kwa ustadi mkubwa, sikatai. Lakini maudhui yake ni yaleyale ya Afrika kuwa mahali ambapo mgeni aliyechoka huja kufundishwa hekima na wazee, kisha akarudi Marekani akiwa mzima. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangeutambua mtindo huo mara moja.

Nikisema hivyo simkatai muongo wake. Nauunga mkono, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 1988, katika toleo la 235, Claremont alibuni Genosha, kisiwa cha Bahari ya Hindi, pwani ya mashariki ya Afrika, chenye hospitali safi, barabara nzuri na raia wenye furaha, na utajiri wake wote unatokana na mutanti waliofutwa utashi, wakapewa namba badala ya majina na kufanyishwa kazi. Kipindi hicho Nelson Mandela alikuwa bado gerezani, na hakuna msomaji aliyehitaji kuelezwa kisiwa hicho ni nchi gani. Kwangu mimi hiyo ndiyo siasa ya Afrika iliyoandikwa kwa makini zaidi katika mfululizo huu, kwa kuwa inauliza swali ambalo vijiji vya nyikani haviwezi kuliuliza: raia mwema wa nchi yenye starehe anajua nini kuhusu mikono inayomstarehesha, na anachagua kutojua nini? Kuna kijana wa Genosha, mwana wa mkuu wa mpango wenyewe, ambaye anagundua kwamba mchumba wake ni mutanti na kwamba baba yake mwenyewe anamgeuza mtumwa. Pale katuni zilifanya kazi ya fasihi.

Na hiyo ndiyo sababu siwezi kuusamehe muongo uliofuata baada ya huo wa Mkisumu. Mwaka 2001 Grant Morrison, ambaye ni mwandishi hodari, aliiangamiza Genosha katika toleo moja, toleo la 115: mutanti milioni 16 wakafa, na hadithi ikarudi shuleni New York. Milioni 16 katika bahari yetu, na karibu hatukumjua hata mmoja wao.

Mpenzi wa Dunga, Kisumu

Mwalimu, hapo umenigusa, ingawa nakumbusha kwamba hadithi kubwa iliyowarudisha X-Men Genosha, wakatekwa na Storm mwenyewe akageuzwa mtumwa kwa muda, ni ya 1990. Kwa kalenda hiyo ni ya kwangu.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega

Kwa kalenda ni yako. Kwa mwandishi ni ya themanini. Tugawane.

Kijana wa Bungoma

Shikamooni wakubwa. Naona mnabishania vitu vilivyochapishwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo niruhusuni nilete kipindi kilichoanza 2019 na kuisha 2024, ambacho najua si muongo kamili. Jonathan Hickman alichukua Krakoa, kile kisiwa chenye uhai ambacho kilikuwa adui katika toleo maalumu la 1975, akakifanya nchi. Mutanti wana lugha yao, sheria zao, baraza lao, wanauza dawa kwa mataifa mengine ili watambuliwe, na wale waliokufa Genosha wanaanza kurudishwa, kwa kuwa mutanti watano wakiunganisha uwezo wao wanaweza kumfufua yeyote ambaye nakala ya akili yake imehifadhiwa.

Mnapomzungumzia Storm mnamwacha mwaka 1986. Mwaka 2006 aliozwa kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, ndoa iliyopangwa na ofisi kuliko mioyo, ikavunjwa 2012, na kwa miaka mingi alikuwa amesimama nyuma tu kwenye picha za kikundi. Ndipo mwaka 2021 mutanti wakaifanya sayari ya Mirihi iweze kukaliwa na viumbe, wakaiita Arakko, na Storm akawa mwakilishi wa mfumo mzima wa jua. Kuanzia 2022, katika X-Men Red ya Al Ewing, yeye anaongoza sayari ya wapiganaji ambao hawampi heshima bure, na ambao anakataa kuwatawala kama malkia, kwa sababu ameshaonja kuabudiwa na hakukupenda. Mwalimu, je, hilo si jibu la 1975?

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Marahaba, kijana wangu. Storm wa Arakko ni hoja nzuri kuliko zote zilizoletwa dhidi yangu, na ile hatua ya kukataa kiti cha enzi ni matunda ya kumbukumbu, yaani kitu kilekile ninachokitafuta. Tatizo langu na kipindi hicho ni ule ufufuo. Mhusika akifa Jumatatu na kurudi Ijumaa akiwa na kumbukumbu zake zote, mwandishi amejinyima mwenyewe silaha.

Kijana wa Bungoma

Lakini mzee, hiyo ndiyo mada yenyewe. Kifo kilipoacha kuwa gharama, gharama zikahamia kwingine: nani anatangulizwa kwenye foleni ya kufufuliwa, nani ananyimwa, na ikiwa nakala yako ndiyo iliyorudi, wewe wa kwanza uko wapi? Nightcrawler, ambaye ni Mkatoliki, anahangaika na swali hilo waziwazi. Na Arakko, wapiganaji wengi walikataa kufufuliwa kwa sababu kwao kifo kisicho na mwisho kinalifuta jina la shujaa. Storm naye alikubaliana nao, akajitoa katika utaratibu huo. Kwa hiyo yule mhusika wako wa kupimia aliuchagua upande wako.

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Basi inanibidi nisome X-Men Red tena kabla sijakujibu. Muongo wangu sijauachia.

Mama Jalada, Kisumu

Mimi ni mgeni wa mambo haya. Mwanangu ana miaka 13, ameona filamu zote, na sasa ananidai vitabu. Pale sokoni Kibuye Jumapili hupatikana kimoja kimoja, havifuatani. Aanzie wapi bila kunifilisi? Na je, hayo ya visu yanamfaa?

Mwanzilishi wa uzi, Nakuru

Dada, kwa umri huo yanamfaa; damu haionyeshwi kama katika filamu za siku hizi, na yenye uzito ni mazungumzo. Mwanzie kwenye lile toleo maalumu la 1975, kisha 94 hadi 143, ambayo yamekusanywa katika vitabu vinene, na ukijumlisha hugharimu kidogo kuliko kununua kimoja kimoja. Kama ana simu na bando la kutosha, programu ya Marvel Unlimited hulipiwa kwa mwezi na ina karibu yote tuliyoyataja hapa. Mwezi mmoja wa likizo ya Desemba unatosha kumfikisha mbali. Akishapita 143 anaweza kuruka hadi 165, Paul Smith anapoanza kuchora, na asome moja kwa moja hadi 201.

Mwalimu wa fasihi, Kakamega

Kisha umpe 235 hadi 238, hizo za Genosha, na umwulize kisiwa hicho kinamkumbusha nchi gani.

Mpenzi wa Dunga, Kisumu

Na akichoka na maneno mengi ya Claremont, maana yule mtu hakuacha nafasi tupu hata kwenye picha ya mlipuko, mpatie vile vya miezi minne ya 1995. Atavimaliza usiku mmoja. Mama Jalada, ukiviona Kibuye kabla yangu, niachie toleo moja tu la Weapon X, mojawapo ya vitabu hivyo. Nakosa la tatu.